Shangazi Mwenye Meno ya Maziwa

Ziwani Songkol,
tarehe 14 Juni 1973

Kwa mkwe wangu Burul, Frunze.

Salamu nyingi nakuletea, na baada ya salamu, sisi huku ni wazima, kondoo wa ushirika wazima, farasi majike wameanza kutoa maziwa vizuri, hofu yetu ni nyinyi mlio kwenye joto na vumbi la mji. Msalimie mwanangu Sagin, umbusu mjukuu wangu Adilet mashavuni kwa niaba yangu.

Dereva wa gari la duka ameniletea barua yako jana pamoja na sukari. Nimeisoma mwenyewe, taratibu, nikiwa nimekalia ndoo. Unasema unataka kuja kututembelea huku ziwani mwezi wa Julai, wewe na mtoto, mkae kidogo. Nimefurahi. Nani asiyependa mgeni? Lakini mama ni mama, lazima niseme. Theluji bado imelala kwenye kona za juu za njia. Usiku maji yanaganda ndani ya birika. Hewa ya huku ni nyembamba, watu wa mjini huumwa kichwa na kutokwa damu puani. Mwaka jana alikuja mke wa mkaguzi, alilala siku zote na kitambaa kichwani, akaondoka hajaliona ziwa hata ukingo wake. Choo chetu unakijua, ni mlima mzima. Na Adilet wako kifua chake si cha kuaminika.

Sikukatazi. Nasema tu.

Jipar hajambo. Hakuulizii. Sisemi kwa ubaya, mtoto ana mambo yake, ana mtoto wa farasi wa kumfunga na kumfungua, ana kokoto zake ufukweni. Nilipomwambia wifi yako ameandika, akasema, "Wifi yupi?" Nikamwambia wifi yako Burul, mke wa kaka yako Sagin. Akasema "Aa," akakimbia.

Turdukan wa hema la jirani alikuwepo, na mdomo wa Turdukan unaujua. Akasema, "Uulkan, mjukuu umemfanya binti, mama yake umemfanya wifi yake. Sasa yule Adilet akija atamwita nani dada yake? Shangazi? Ee, shangazi mwenye meno ya maziwa!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia ndivyo walivyofanya wazee wetu, mtoto wa kwanza ni wa bibi. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi yangu, nikamwita mama mpaka nilipomzika, na mama aliyenizaa nilimwita wifi, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Uliomba nikupimie urefu wake kwa uzi umshonee gauni. Uzi huu hapa ndani ya bahasha, bega mpaka goti.

Kwa hiyo fikirini vizuri. Hata mwakani ziwa litakuwepo. Halijawahi kwenda popote.

Mama yenu,
Uulkan


Frunze,
27 Juni 1973

Mama, shikamoo.

Barua yako na uzi vimefika. Nimestaajabu kidogo kumwona Jipar mfupi hivyo, lakini baba yake naye wanasema alichelewa kurefuka. Gauni nimeshalikata, ni la buluu.

Tutakuja, Mama. Likizo nimeshaipata. Kichwa kikiuma kitauma. Nilipoletwa bibi harusi nilipanda njia ile ile juu ya farasi mwezi wa Juni, na siku hiyo hakuna aliyeniuliza habari za hewa.

Nimeyakumbuka sana yale maji matulivu. Mdomo wangu bado haulitaji jina lililomo ndani ya jina la marehemu baba mkwe, hata nikiwa peke yangu, hata kalamu inakataa. Nayakumbuka asubuhi kabla upepo haujaamka, milima ikiwa imelala ndani yake kichwa chini. Hapa mjini maji yote yanakimbia mferejini kama yamechelewa kazini. Nataka Adilet ayaone yaliyokaa.

Septemba Jipar anaanza shule. Hilo tutazungumza tukionana.

Mkwe wako,
Burul


Songkol,
5 Julai 1973

Sagin mwanangu,

Barua hii ni yako peke yako. Usimwonyeshe mkeo. Isome, kisha itie jikoni iungue.

Mkeo ameandika "tutazungumza". Najua maana ya tutazungumza. Mwenyekiti wa ushirika naye akisema tutazungumza, ujue kuna mtu anaondoka na ng'ombe wako. Maneno yake yote ni ya heshima, yamepangwa kama vikombe kabatini, na nyuma ya vikombe kuna kitu. Anataka kumchukua Jipar. Anakuja kutembea, anasema. Hata mbwa mwitu huja kwanza kutembea.

Mwanangu, yeye ana wewe. Ana Adilet. Ana nyumba ambayo maji yanatoka ukutani. Ana ujana wake na kazi yake ya ualimu, watoto arobaini wanasimama akiingia mlangoni. Mimi nina nini? Baba yako nimemzika, wewe umekwenda. Nina mmoja tu, ananipasha miguu usiku.

Na aliyataka mwenyewe. Mtoto hajamaliza arobaini, akamweka mikononi mwangu akaenda chuo. Alichagua vitabu. Nilimnyonyesha mimi, kwa titi hili. Kwa nini nilikuwa na maziwa katika umri ule unajua, sitaki kulitaja. Watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi kazi nimeifanya mimi, na mshahara achukue mwingine?

Tena hizo shule zenu za Kirusi. Atanirudia ananiomba chai kwa lugha nisiyoijua.

Mwambie njia imebomoka. Mwambie huku kuna surua. Wewe ni mwanamume, tafuta uongo unaokufaa.

Mama yako,
Uulkan


Frunze,
12 Julai 1973

Mama, shikamoo.

Barua uliyomwandikia mwanao imefika, na inanibidi nikuambie jambo ambalo ningependa lisisemwe kamwe.

Mwanao hajui kuzisoma barua zako. Mwandiko wako hauna kosa. Ni herufi. Wewe ulifundishwa zile za zamani, majira yako mawili ya baridi darasani, kabla serikali haijazibadilisha. Yeye alifundishwa hizi za sasa, na zile zako kwake ni nyayo za ndege kwenye matope. Nilipoolewa nikaona barua yako ya kwanza imekaa mezani wiki nzima na yeye anaizunguka kwa aibu. Nikaenda kwa mzee mmoja wa maktaba anifundishe. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayemsomea, na ndiyo maana nami nakuandikia kwa hizo hizo zako. Hakutaka ujue.

Hii nayo alinipa akiwa mlangoni, koti hajavua. "Nisomee, mama anasemaje?" Nikasoma: usimwonyeshe mkeo. Akacheka, akadhani ni utani wako. Nikaendelea mpaka mwisho. Sikuruka neno, hata la vikombe, hata la mbwa mwitu. Kisha akasema, "Nyinyi wawili mtajuana wenyewe," akaenda kutengeneza baiskeli ya jirani ambayo haikuwa mbovu.

Jikoni sikuitia.

Tunafika tarehe ishirini, kwa lori la sufu. Surua kama ipo, Adilet alishaugua.

Mkwe wako,
Burul


Frunze,
9 Agosti 1973

Kwa Mama Uulkan.

Tumerudi salama. Adilet anakohoa. Hukuuliza, lakini nakuambia.

Nimeona nikuandikie nikiwa bado na hasira, kwa sababu ikipoa nitaanza tena kupanga vikombe.

Gauni halikumpita mabegani. Ulikuwa hapo jikoni, unakaanga maandazi, ukasema bila kugeuka, "Watoto wa huku hukua haraka, ni maziwa ya farasi." Nililishona kwa kipimo cha uzi uliotuma wewe. Mtoto hakui shubiri nzima ndani ya mwezi mmoja, Mama. Nilikata shali yangu nikaunganisha kwapani na pindoni, akalivaa hivyo hivyo likiwa na viraka, akazunguka nalo mahema yote, na wewe ukanipa mgongo mpaka jioni.

Asubuhi alikuwa ananiamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Tulikwenda ziwani wewe ukiwa bado unawasha moto wa samadi. Alinifundisha kulala kifudifudi na kunywa kama mtoto wa farasi. Alinionya nisiseme kwa sauti, eti maji yakiwa yamelala hivyo yanasikia kila kitu na kuwaambia samaki. Alinionyesha majani ambamo bata bukini wanaficha watoto wao. Siku moja nilimwosha nywele palepale, maji baridi mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, akageuka akaniuliza, "Wifi, mbona unalia?" Nikamwambia ni sabuni.

Sikumwambia kingine. Nakuapia. Tulikuwa wawili na bukini tu, ningeweza, neno lilikuwa hapa kwenye meno. Sikumwambia, kwa sababu yako. Na kila nilipoinua kichwa nilikuona mlangoni pa hema, mkono juu ya macho, unatulinda kama tunaiba.

Siku ya kuondoka nilimtafuta kila mahali. Ukaniambia, "Hataki kukuaga. Amesema umwache." Ulinitazama machoni ukasema hivyo. Dereva akapiga honi, nikapanda juu ya magunia ya sufu na mwanangu mmoja.

Sasa nasema wazi. Nimemwandikisha shule hapa. Mwanao atakuja kumchukua mwisho wa mwezi huu, kabla hamjashusha mifugo. Wewe baki na ziwa lako. Ziwa hakuna atakayekunyang'anya.

Burul


Songkol,
16 Agosti 1973

Burul,

Umelitaja. Nimesoma nikidhani macho yangu ni mabovu, nikaenda kusimama juani nikasoma tena. Umeandika "ziwa", tena na tena, kama mtu anayetema. Tangu uingie kwetu hujalitamka, kwa sababu marehemu mume wangu Kolbai alipewa jina kwa ziwa hili, kol ya jina lake ndiyo ziwa kwa lugha yetu, na mkwe mwenye adabu hatamki jina la mkwewe. Nilikuwa nawaringia wenzangu, nasema mkwe wangu ni msomi, lakini adabu yake sabuni ya mjini haijaitoa. Haya, imetoka. Kumbe sisi si wakwe zako tena.

Na hilo la herufi pia limenichoma, usidhani nimelisahau kwa kuwa nilikupikia na kukutandikia. Miaka yote namwandikia mwanangu, "Sagin, vaa soksi, Sagin, mama amekuota," kumbe sauti yangu inapita kwanza mdomoni mwako. Hata kumpenda mwanangu nampenda kupitia wewe. Hukuniachia hata kipande.

Ndiyo, nilikuwa nawatazama. Unataka nikane? Farasi mmoja nilimkamua mara mbili, mwingine nikamruka. Turdukan akapita akachungulia ndoo. "Uulkan," anasema, "leo unakamua farasi au unakamua wivu? Mbona ndoo tupu?" Nikamfukuza. Lakini nilisikia, Burul. Upepo ulikuwa haujaamka, na maji yale yanabeba sauti. Nilisikia anavyocheka na wewe. Mimi nimemfundisha kutembea, kusema, kukaa juu ya farasi bila kushika manyoya, na kicheko kile sikijui. Alikuwa anakiweka wapi? Tumelala kifua kwa mgongo tangu kitovu chake hakijakauka vizuri, kumbe kicheko kile alikuwa anakuwekea wewe!

Unanilaumu habari ya kuaga. Alikuwa ng'ambo ya ghuba kwa ndugu za Turdukan, nilimtuma chachu ya kuchachushia kumisi, maziwa yetu ya farasi. Mtoto akitumwa huenda. Chachu ninayo? Ninayo. Chachu haizidi ndani ya nyumba.

Alirudi farasi akitoa povu, aliona vumbi la lori kutoka ng'ambo. Akasimama pale magurudumu yalipokanyaga nyasi. "Wifi hakunisubiri?" Nikasema watu wa mjini wana haraka. Akashuka, akaenda kulala mchana mchana na lile gauni lako la viraka.

Tangu siku hiyo analala uso ukutani. Chakula anakula kwa adabu, kama mgeni. Na juzi, natia mkate mafuta, ananiuliza bila hata kuniangalia, "Mama, kwa nini Adilet ana mama mchanga na mimi nina mama mzee?"

Haya, mwalimu. Jibu.

Ungekuwa hapa ningekuambia usoni. Ulimweka mikononi mwangu amefungwa nguo kama mkate, ukapanda gari, na hukugeuka nyuma. Nilisimama mlangoni nikiangalia kama utageuka. Hukugeuka. Aliyetupa hadai.

Sagin asije. Akija atakuta duara la nyasi za manjano mahali lilipokuwa hema.

Uulkan


Frunze,
21 Agosti 1973

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa neno lile. Marehemu alikuwa mwema kwangu kuliko nilivyostahili, na yale maji matulivu yataendelea kuitwa hivyo mdomoni mwangu.

Nimeisoma barua yako peke yangu. Hii sikumsomea mwanao.

Sikugeuka nyuma kwa sababu ningegeuka ningerudi.

Mama, wewe umesema ulichokiona. Ngoja niseme nilichokiona mimi. Mwaka aliozaliwa Jipar, mwezi wa Februari, ulijifungua mtoto wa kiume, mkamzika kabla hajapewa jina. Mwezi wa Machi nikarudi kutoka kujifungua, na Jipar mikononi. Ulinipokea, ukanipikia, ukaniogeshea mtoto, hukulia mbele yangu hata mara moja. Kila siku baada ya chakula ulikuwa unatoka kwenda nyuma ya zizi. Siku moja nikatoka kumwaga maji nikaona theluji pale uliposimama. Ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vimeyeyuka, vyeupe ndani ya weupe. Nikaelewa ulikuwa unajikamua. Maziwa ya mwanao ulikuwa unayamwaga kwenye theluji ukuta mmoja kutoka alipokuwa analia wangu.

Chuo kingeningoja. Walinipa barua kwamba naweza kuanza mwaka unaofuata. Mwanao anajua, nilimkataza kukuambia.

Nilimwendea marehemu baba mkwe nikamwambia mtoto wa kwanza ni wa bibi, desturi ni desturi. Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani alijua. Desturi ilinisaidia tu kupata maneno, ili isionekane nakuhurumia. Nilijua ungeikataa huruma, lakini haki yako usingeikataa. Kwa hiyo nikakuacha udhani nilichagua vitabu. Ilikuwa rahisi zaidi kwako kunidharau. Garini nilifunga kifua kwa shali, na mpaka tunafika Kochkor ilikuwa imelowa yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilidhani nitazoea. Nilizoea mpaka Adilet alipojifunza kusema.

Nilikupa umnyonyeshe, Mama. Sikukupa umfiche.

Mwanao ameshapata ruhusa kazini, atakuja. Ukihamisha hema hatakufuata, si mtu wa kufuata. Mimi pia sitakuja na mtu wa serikali. Nimeandika yote niliyokuwa nayo.

Mkwe wako,
Burul


Songkol,
28 Agosti 1973

Burul, mkwe wangu,

Barua hii anakuletea Sagin. Usimsomee. Haya ni yetu.

Hema halikuhama. Alfajiri moja niliondoa hata kamba za upande wa upepo. Turdukan akaja na kikombe chake cha chai akasimama kunitazama, akasema, "Uulkan, mahali pa kumficha mtoto asikue hapapo hata ng'ambo ya mlima." Nikamwambia aende akakamue. Akaenda. Nikazifunga kamba upya.

Nimesoma ulichoandika mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Sikujua kama kuna mtu aliiona theluji ile.

Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani nilikuibia. Nilijiambia desturi, nikawaambia watu desturi, lakini usiku nilijua kwamba nilikuwa nimelitamani titi lako liwe kavu, na mtoto wako awe wangu, na Mungu akanisikia kwa namna mbaya. Ndiyo maana nimemlinda hivi. Mwizi halali. Ningejua nilipewa, labda ningelala.

Asante sitasema. Bado. Bado nina wivu, nauona kabisa umekaa hapa kama paka. Nilikuonea wivu kwa ujana, kwa kusoma, kwa Sagin, kwa kile kicheko. Sasa nakuonea kwa hili pia. Ulikuwa msichana, maziwa yanakulowesha nguo, na ukaniona mimi. Mimi ndiye mkubwa, nimezaa, nimezika, na wewe sikukuona.

Jipar nimemwambia. Nilimpeleka asubuhi ukingoni, palepale penu. Nikamwambia, "Yule wifi yako ndiye aliyekubeba tumboni." Akafikiri. Akasema, "Na wewe?" Nikasema mimi nilikubeba mgongoni. Akauliza, "Tumbo na mgongo, wapi kuna uzito zaidi?" Nikajifanya natafuta kiatu changu.

"Kwa hiyo Adilet si mtoto wa kaka yangu?"

"Ni mdogo wako."

"Kwa hiyo naweza kumpiga?"

"Kidogo."

Nikamwambia na la chachu pia, kwamba nilimtuma makusudi ili lori liondoke. Akanitazama kama mwenyekiti anavyomtazama mchungaji aliyepoteza kondoo. "Ulifanya vibaya," akasema. Nikasema najua. Kisha akanipa kokoto nirushe. Tukarusha. Yangu ilizama, yake iliruka mpaka nikapoteza hesabu.

Sasa sikiliza. Akisema hana njaa, muulize mara ya pili, mara ya kwanza ni adabu. Mafuta ya kondoo hali, anayaficha chini ya mkeka, na huko hamna mikeka kwa hiyo tazama mifukoni. Akishtuka usiku usiwashe taa, mshike tu kisigino. Nywele usimkate. Kirusi mfundishe, nimesikia kinalisha watu, lakini akiwa anaumwa umsemeshe kwetu. Maandazi niliyofunga kwenye kitambaa chekundu ni yake, Sagin asiyaguse, njia nzima atakuwa anayanusa.

Shule zikifungwa mwezi wa Juni anakuja huku, mpaka theluji ya kwanza. Hilo siombi. Na wewe uje naye, siku chache, hewa utaizoea.

Akuite nini sikumfundisha. Neno lile ndilo ninaloitwa mimi, siwezi kulimimina kama chai kutoka kikombe hiki kwenda kile. Akilipata mwenyewe huko, mbele yako, ni lenu. Ila siku hiyo usiniandikie. Niandikie alichokula, alivyolala, jino lililotoka. Hilo usiniandikie, Burul. Nitalisoma mara nyingi mno.

Lori linanguruma. Anapanda mbele na Sagin, amekataa kukaa juu ya sufu. Amegeuka nyuma. Bado amegeuka.

Mama yako,
Uulkan


Frunze,
2 Septemba 1973

Mama, shikamoo.

Wamefika salama. Kwenye kona za mlima alitapika mara moja, ndani ya buti la baba yake, na baba yake aligundua alipofika Kochkor. Maandazi amekula yote, Adilet hakupata hata moja. Adilet amepigwa, kidogo. Amesema ana ruhusa yako.

Alisema hana njaa. Nikamuuliza mara ya pili, akala sahani mbili.

Jana nilimpeleka shule. Mwalimu alimwuliza anatoka wapi, akasema, "Juu." Watoto wakacheka, yeye akawangojea wamalize. Amekaa dawati la mbele. Usiku alishtuka, sikuwasha taa.

Leo asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti namfunga viatu, kulitokea jambo. Ulinikataza nisiliandike, nami siliandiki.

Mkwe wako,
Burul